Nyota Ngapi kwa Joho la Kuazima

Katika filamu ya Nosferatu kuna kipande ambacho kimewachekesha watazamaji kwa miaka mingi. Kabaila Orlok, mnyonya damu mwenye upara, masikio yaliyochongoka na kucha kama miiba, ameshuka melini usiku na sasa anakatiza mitaa ya mji akiwa amebeba jeneza lake mwenyewe kwapani, kama mpangaji aliyefukuzwa anayehama na godoro. Jeneza lenyewe watu wanalivumilia. Wanachoshindwa kukivumilia ni jua. Kuta zinang'aa, vivuli vimelala juu ya mawe ya barabara, ni mchana kweupe, na kiumbe wa usiku anatembea zake bila wasiwasi. Halafu mwishoni filamu hiyo hiyo inataka tuamini kwamba miale ya asubuhi ndiyo inayomwangamiza. Mtazamaji aliyelipa tiketi yake anapunguza alama mbili hapo hapo, na huwezi kumlaumu.

Kumbe kipande kile ni cha usiku. F. W. Murnau aliipiga filamu hiyo mwaka 1921, katika miji ya Wismar na Lübeck kaskazini mwa Ujerumani na kwenye ngome ya Orava huko Slovakia, wakati ambapo ukanda wa filamu haukuwa na uwezo wa kunasa giza. Walipiga mchana, kisha vipande vya ukanda vikatiwa rangi: buluu kwa usiku, manjano kwa taa za ndani, waridi kwa alfajiri. Waliofika kwenye onyesho la kwanza mjini Berlin, tarehe 4 Machi 1922, walimwona Orlok akipita ndani ya buluu, wakajua ni saa ngapi.

Rangi ile ilipotelea mahakamani. Kampuni iliyoitengeneza, Prana-Film, ilikuwa changa na mfuko wake mwepesi. Haikununua haki ya riwaya ya Dracula ya Bram Stoker, iliyotoka mwaka 1897. Ilibadilisha majina tu, Dracula akawa Orlok, London ikawa mji wa kubuni uitwao Wisborg, ikadhani imemaliza kazi. Mjane wa mwandishi, Florence Stoker, hakuwa mtu wa kuchezewa. Alikwenda kwenye sheria. Prana ikafilisika bila kutengeneza filamu ya pili, na mwaka 1925 mahakama ya Ujerumani ikaamuru nakala ziteketezwe. Zilizosalimika ni zile zilizokuwa zimeshavuka mipaka. Hizo zikanakiliwa, nakala zikazaa nakala, nyingi bila rangi, na kwa miongo kadhaa dunia ikaijua Nosferatu kama filamu ya kijivu ambayo mnyonya damu wake haogopi kuchomwa na jua. Inauma zaidi ukikumbuka kwamba wazo la jua kumuua vampaya lilizaliwa humo humo. Katika riwaya ya Stoker, Dracula hutembea mchana akitaka, ila nguvu zake hupungua.

Ukarabati wa mwaka 2005 na 2006, uliofanywa kwa ajili ya Taasisi ya Murnau ya Ujerumani, ulirudisha rangi pamoja na muziki wa Hans Erdmann. Siku hizi wastani wa kura za watazamaji kwenye IMDb unakaribia 8 kati ya 10, cheo kikubwa kwa filamu bubu ya karne iliyopita. Lakini humo ndani kuna kura za watu waliotazama usiku wa buluu na kura za watu waliotazama mchana wa kijivu, zimechanganywa chungu kimoja. Kwa filamu za vampaya za zamani zilizotengenezwa kwa pesa kiduchu, hilo ni jambo la kila siku. Mtu anadhani anahukumu filamu, kumbe anahukumu nakala aliyoangukia, saa aliyoitazama, na kile alichoahidiwa na picha ya kwenye jalada.

Kati ya mazimwi yote ya sinema, mnyonya damu ndiye asiyekula bajeti. King Kong alihitaji mafundi wa kusogeza sanamu kidogo kidogo mbele ya kamera kwa miezi. Binadamu anayegeuka mbwa mwitu anakaa kwa mpambaji saa nzima na zaidi akibandikwa nywele. Vampaya anataka suti nyeusi, joho la kuazima, jeneza, na nyumba ya mtu tajiri ambaye yuko safarini. Tena hutoka usiku, na usiku unaficha ukuta wa mbao laini uliopakwa rangi ya mawe. Kitu kimoja tu ndicho kisichoazimika, nacho ni sura ya mwigizaji. Nakala ikiwa mbovu kiasi gani, sura hupenya. Max Schreck aliyemcheza Orlok anaonekana kwa muda usiozidi dakika kumi katika filamu nzima, na ndiye pekee ambaye watu wanamkumbuka.

Hollywood ya miaka ya 1930 ilikuwa na majumba yake makubwa, na pembeni mwake vikampuni fukara vilivyoishi kwa makombo, wenyewe wakiita eneo lao Mtaa wa Ufukara. Universal ilipotoa Dracula mwaka 1931, na Bela Lugosi akalipwa dola 500 kwa wiki kwa wiki saba, vikampuni vile vilinusa harufu ya pesa. Majestic Pictures ilikuwa mojawapo, na The Vampire Bat, iliyotoka Januari 1933, ni mfano mzuri wa ujanja wao. Warner Brothers walikuwa karibu kutoa filamu kubwa ya kutisha yenye Lionel Atwill na Fay Wray. Majestic ikawachukua wawili hao hao, ikapiga haraka haraka, ikawahi sokoni. Kijiji cha Kijerumani unachokiona kilikuwa cha Universal, kilichojengwa kwa ajili ya Frankenstein. Ukumbi wa nyumba ya daktari nao ni wa filamu nyingine ya Universal, The Old Dark House. Majestic waliazima usiku, wenye mali walipokuwa wamelala. Mtazamaji wa leo anashangaa filamu ya maskini inapataje mandhari ya tajiri, na jibu ni hilo.

Jambo ninalolipenda zaidi katika filamu hiyo halionekani katika nakala nyingi. Wanakijiji wanamsaka Herman, kijana mpumbavu anayependa popo, aliyechezwa na Dwight Frye, na wanaingia pangoni wakiwa na mienge. Filamu ni nyeusi na nyeupe. Lakini kampuni ilimlipa Gustav Brock, bingwa wa kutia rangi kwa mkono, akaipaka miali ya moto picha moja baada ya nyingine kwa brashi, kwa hiyo ndani ya pango la kijivu mienge ikawaka kwa rangi ya moto. Kampuni iliyokuwa ikihesabu senti ilikubali gharama hiyo kwa ajili ya dakika chache za moto. Nakala nyeusi na nyeupe zilizosambazwa baadaye ziliufuta moto huo, na ni ukarabati wa mwaka 2017 uliouwasha tena. Kabla ya hapo, kizazi kizima kilichoitazama kwenye televisheni za usiku wa manane na kwenye diski za bei poa kiliona moshi mweupe unaotikisika, kikasikia sauti inayokwaruza, kikaandika kwamba filamu imezeeka. Alama zake zimebaki kati ya 5 na 6.

Nakala mbovu zilizagaa kwa sababu ya kisheria. Sheria ya hakimiliki ya Marekani ya wakati ule iliilinda filamu miaka 28, kisha mwenye mali alitakiwa kuomba aongezewe muda. Vikampuni vya Mtaa wa Ufukara vilikuwa vimekufa zamani au vimeuzwa vipande vipande. Hakuna aliyekumbuka kujaza fomu. Filamu zikawa mali ya umma, na mali ya umma kila mtu anaichota atakavyo, kwa chombo chochote alicho nacho, hata kama ni ukanda uliokatika na kuungwa mara kadhaa na mwendesha mashine asiyejali. Zikafungashwa hamsini hamsini katika boksi moja na kuuzwa kwa bei ya chakula cha mchana. Ukitazama filamu ya thelathini na saba katika boksi la namna hiyo, huruma yako imeshakwisha.

Hata hivyo kuna zinazonusurika. The Devil Bat ya mwaka 1940 ilitengenezwa na PRC, kampuni iliyokuwa fukara hata kwa viwango vya mtaa wenyewe, na hadithi yake ni ya kichekesho kuanzia mstari wa kwanza: daktari mwenye kinyongo anafuga popo mkubwa, kisha anawagawia mahasimu wake mafuta ya kupaka baada ya kunyoa ndevu, ambayo harufu yake inamwita popo. Popo ukimtazama kwa mbali ni kitambaa kigumu kinachoteleza kwenye waya. Akisogezwa karibu anageuka popo hai, mdogo, mwenye macho ya mshangao, asiyefanana na mwenzake kwa lolote. Waya unaonekana. Lakini daktari ni Bela Lugosi, na Lugosi hakujua kuigiza nusu nusu. Anamtazama mtu anayejipaka mafuta shingoni kwa upole wa baba mkwe, anamwaga kwa heri, na unahisi baridi ingawa umetoka kucheka dakika moja iliyopita. Watazamaji wanaoipa filamu hii alama nzuri wote wanamtaja yeye, na wachache wanalalamikia waya. Wanacholalamikia ni waandishi wa habari wawili wanaotaniana katikati ya filamu. Nimeona jambo hilo katika filamu nyingi za aina hii: popo wa kitambaa anasamehewa, mazungumzo ya sebuleni yasiyokwisha hayasamehewi.

Lugosi huyo huyo anatupeleka kwenye filamu iliyovuruga kabisa hesabu za alama. Alifariki Agosti 1956 akiwa amefukarika, akazikwa na joho la Dracula. Rafiki yake Ed Wood, mwongozaji aliyependa sinema kuliko sinema ilivyompenda yeye, alibaki na vipande vifupi visivyo na sauti alivyokuwa amempiga kwa ajili ya kazi nyingine. Katika kimoja mzee anatoka mlangoni mwa nyumba ndogo, amevaa kofia na joho, anachuma ua, analinusa, anasimama kidogo kama aliyesahau alikokuwa anakwenda, kisha anatoka nje ya picha. Tunasikia gari na ukelele. Basi, Lugosi amekufa, na filamu ndiyo kwanza inaanza. Ili kumfufua kama mnyonya damu, Wood alimchukua Tom Mason, tabibu wa mgongo aliyekuwa akimtibu mkewe. Mason alikuwa mrefu kuliko marehemu na hakufanana naye hata kidogo, kwa hiyo akaagizwa apite filamu nzima amejifunika uso kwa joho.

Hiyo ndiyo Plan 9 from Outer Space, iliyogharimu takriban dola 60,000, sehemu yake ikitoka kwa waumini wa Kibaptisti ambao walilikataa jina la kwanza kwa sababu lilitaja wezi wa makaburi. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1957 na kusambazwa kwa upana mwaka 1959. Mawe ya makaburi yanayumba watu wakiyapita. Gari la polisi linaondoka mchana na kufika usiku katika safari ile ile, na safari hii huwezi kuisingizia nakala. Maila Nurmi, aliyejulikana kwa jina la Vampira kutokana na kipindi chake cha televisheni, aliomba asipewe hata neno moja la kusema, uamuzi wa busara kuliko wote uliofanyika katika kazi hiyo. Anatoka tu kwenye giza la miti bandia akiwa amenyoosha mikono, kiuno chembamba kupita kiasi, na kwa sekunde chache filamu inatisha kweli.

Mwaka 1980 ndugu wawili, Harry na Michael Medved, walitoa kitabu cha kuzitunuku filamu mbovu, na Plan 9 ikatangazwa humo kuwa mbaya kuliko zote zilizopata kutengenezwa. Walidhani wanaizika. Watu wakaanza kuitafuta. Vyuo vikaionyesha usiku, mashabiki wakakariri mistari yake, na mwaka 1994 Tim Burton akatengeneza filamu ya takriban dola milioni 18 kuhusu maisha ya Wood, ambayo Martin Landau alipata tuzo ya Oscar kwa kumcheza Lugosi. Tuzo ambayo Lugosi mwenyewe hakuwahi hata kuisogelea.

Alama za Plan 9 kwenye IMDb zinaelea karibu na 4. Namba hiyo haina maana yoyote. Kuna aliyetoa 1 kwa sababu mawe yanayumba, na kuna aliyetoa 10 kwa sababu hiyo hiyo. Ukizijumlisha na kugawanya unapata mtazamaji wa kubuni ambaye ameona filamu ya kawaida, dhaifu kidogo, na hakuna binadamu aliyewahi kuitazama Plan 9 kwa hisia hizo. Kuna na jambo la umaarufu. Filamu isiyojulikana hupigiwa kura na walioitafuta wenyewe, na anayetafuta kitu kwa taabu hupenda kukisifu akikipata. Filamu iliyokwishatangazwa kuwa mbovu hupigiwa kura na wapita njia waliokuja kushuhudia ubovu, wengine hata hawakufika mwisho. Mimi binafsi naiona bora kuliko filamu nyingi zilizopata 6, maana za 6 nimezisahau. Lakini hili la kusifu kitu kwa sababu ni kibovu lina ukatili ndani yake pia. Yule mzee anayenusa ua mlangoni hakuwa akifanya mzaha.

Watazamaji wa Paris hawakuwa na subira hata ya kejeli. Mwishoni mwa Mei 1968, Ufaransa ikiwa imesimama kwa mgomo na maandamano, Jean Rollin alizindua filamu yake ya kwanza ndefu, Le Viol du vampire, ambayo kwa kweli ilikuwa filamu fupi iliyorefushwa kwa kuongezewa sehemu ya pili, ingawa wahusika walikuwa wameshakufa katika ya kwanza. Kwa sababu ya mgomo hakukuwa na filamu mpya nyingine, kwa hiyo watu walijaa. Walizomea, wakatupa vitu kwenye pazia, na Rollin akakaribia kuiacha kazi ya sinema. Hakuiacha. Aliendelea miaka mingi kupiga vampaya wake ufukweni karibu na Dieppe, akiwatoa kwenye saa ya ukutani na majeneza yaliyosombwa na maji, kwa pesa za kuungaunga. Leo ana wapenzi wanaomtetea kwa machozi. Mimi humvumilia kwa dakika arobaini, nikiwa sijachoka.

Count Yorga, Vampire ya mwaka 1970 ilikuwa na bahati tofauti. Iligharimu takriban dola 64,000, ikapangwa kuwa filamu ya ngono nyepesi, ikabadilishiwa mwelekeo kuwa ya kutisha, na jina la zamani la mapenzi ya kabaila huyo likabaki kwenye nakala. Kinachoibeba ni wazo dogo tu: kabaila wa Ulaya amehamia Los Angeles ya wakati ule, na vijana wa magari na simu hawana namna ya kumweleza polisi tatizo lao. Robert Quarry anamcheza kama mtu aliyechoshwa na wajinga. Ilivuna pesa nzuri, ikazaa ya pili, na studio ya American International iliyoisambaza ikazidi kuamini kwamba meno ya chonge bado yanauza.

Ni studio hiyo hiyo iliyotoa Blacula Agosti 1972, na kwa filamu hii naomba msomaji anivumilie nikae kidogo. Mpango wa awali ulikuwa wa kawaida: Marekani ilikuwa katika wimbi la filamu za waigizaji weusi zenye bajeti ndogo, kwa hiyo mpe mtu mweusi joho, mpe jina la mzaha, hesabu pesa. William Marshall, mwigizaji wa jukwaani aliyesifika kwa Othello, mwenye sauti inayotetemesha sakafu, alikubali kuigiza kwa sharti kwamba mhusika abadilishwe. Akawa Mamuwalde, mwanamfalme wa Kiafrika, ambaye mwaka 1780 anakwenda na mkewe Luva kwenye ngome ya Dracula kumwomba kabaila aunge mkono kukomeshwa kwa biashara ya utumwa. Dracula anamsikiliza kwa tabasamu, anamtolea macho mkewe kana kwamba yuko mnadani, anaitetea biashara ile, kisha anamng'ata, anambandika jina la dharau, anamfungia jenezani na kumwacha Luva afe kwa njaa kando yake. Zote hizo ni dakika za mwanzo kabisa, hata majina ya waigizaji hayajapita.

Kwa mtazamaji wa Afrika Mashariki pale pana kitu kinachogusa. Tangu enzi za ukoloni, Nairobi, Dar es Salaam, Mombasa na Kampala zilikuwa na hadithi zake za wanyonya damu, na hawakuvaa joho. Walikuwa mumiani, walikuwa wazimamoto waliosemwa kwamba hukamata watu usiku kwa magari yao mekundu na kuwatoa damu. Mwanahistoria Luise White aliandika kitabu kizima juu ya uvumi huo, kilichotoka mwaka 2000. Mnyonya damu wa huku alikuja na sare, gari na kibali cha serikali. Mzungu wa kwenye ngome yenye utando wa buibui huwa anatupita mbali, lakini Dracula wa Blacula, mwenye maslahi katika biashara ya watu, anaeleweka bila mkalimani.

Baada ya mwanzo huo filamu inashuka. Popo ni katuni iliyochorwa juu ya picha. Vipodozi vya wafu ni unga wa kijani. Mashoga wawili wanaolinunua jeneza na kulipeleka Los Angeles wameandikwa kwa dhihaka ambayo leo inakera. Na katikati ya yote hayo Marshall anatembea kama yuko kwenye tamthilia kubwa, hatanii hata mara moja, na mwisho, mpenzi wake akiwa amekufa mara ya pili, anapanda ngazi kwa miguu yake kwenda kusimama juani. Hakuna anayemkimbiza. Vampaya wengi wa sinema hufa wakifurukuta. Huyu anakataa tu kuendelea. Filamu ilipata tuzo ya kwanza kabisa ya Saturn kwa filamu bora ya kutisha, na bado wastani wa watazamaji uko kati ya 5 na 6. Nadhani kura nyingi ni za watu waliolisoma jina, wakacheka, wakaamua kabla ya kuketi. Mimi ningempa Marshall 9 na popo 2, na sitaki kuzigawanya kwa mbili.

Mafanikio ya Blacula yalimfungulia mlango mtu ambaye hakuitaka kabisa filamu ya namna hiyo. Bill Gunn, mwandishi wa tamthilia, aliombwa mwaka huo huo atengeneze vampaya mweusi kwa dola 350,000. Alizichukua, akatengeneza Ganja & Hess: mtaalamu wa tamaduni za kale anachomwa kisu cha jamii iliyotoweka, anaamka akiwa hafi na ana kiu ya damu, halafu anakuja mwanamke kumtafuta mumewe ambaye yumo kwenye friji ya ghala la chini. Hakuna joho, hakuna chonge. Kuna kanisa, kwaya, na watu wanaozungumza taratibu kama waliopotea. Ilionyeshwa katika Wiki ya Wahakiki huko Cannes mwaka 1973, ikapokewa vizuri. Watayarishaji hawakuona walichoagiza. Filamu ikaondolewa haraka kwenye majumba, ikauzwa, ikakatwa zaidi ya nusu saa, ikapewa jina la Blood Couple, na Gunn akataka jina lake litolewe. Nakala kamili ilisalia katika Jumba la Makumbusho la Sanaa ya Kisasa la New York, na kwa miaka mingi aliyetaka kuona alichokitengeneza Gunn alilazimika kuifuata huko. Waliokodi kaseti ya Blood Couple walipata filamu isiyoeleweka, wakasema haieleweki. Walikuwa sahihi.

Hess alichezwa na Duane Jones, ambaye miaka mitano nyuma alikuwa shujaa wa Night of the Living Dead ya George Romero. Romero naye alikuja kwa vampaya kwa zamu yake, katika Martin, aliyoipiga mwaka 1976 huko Braddock, Pennsylvania, mji uliokuwa na kiwanda cha chuma cha Andrew Carnegie tangu 1875 na ambao sasa ulikuwa na maduka yaliyofungwa. Martin ni kijana mwenye haya anayeamini ana miaka 84. Hana meno marefu. Ana sindano ya kuwalewesha wanawake na wembe wa kuwachania mishipa, na baada ya hapo anapanga chumba vizuri ili ionekane wamejiua. Binamu yake mzee anatundika vitunguu saumu milangoni na kumwita Nosferatu. Usiku mmoja Martin anamvizia mzee huyo kwenye ukungu wa uwanja wa michezo ya watoto, amevaa joho na meno ya plastiki, uso umepakwa unga. Mzee anainua fimbo na msalaba. Martin anayatema meno, anafuta unga, anamwambia hayo ni maigizo tu.

Romero alisema mara nyingi kwamba kati ya filamu zake zote, hiyo ndiyo aliyoipenda kuliko nyingine. Ilipotoka ilipita kimya. Huko Italia ilikatwa upya, ikawekewa muziki wa bendi ya Goblin, ikaitwa Wampyr, na huko ndiyo waliyoijua. Wastani wake sasa umepanda hadi karibu na 7, kwa nakala ya dakika zisizofika mia. Lakini toleo la kwanza alilolihariri Romero lilikuwa la nyeusi na nyeupe na lilidumu kama saa tatu na nusu. Lilisemwa kwamba limepotea. Mwaka 2021 ilitangazwa kwamba limepatikana, kwenye ukanda wa milimita 16. Wote waliokwisha kuipigia Martin kura, pamoja na mimi niliyeipa 8, tumeipigia nusu yake.